Siku ya Mwisho ya Mguu wa Kushoto

Dokta alisema Ijumaa, kwa Kiingereza, akiwa amesimama miguuni pa kitanda, nami nikamgeuzia mama maneno yale. Vidole vitatu vya mguu wa kushoto vimekufa. Uozo unapanda. Jumatatu asubuhi wakate chini ya goti. Wakichelewa, watakata juu ya goti. Wakichelewa zaidi, hakutakuwa na haja ya kukata.

Nilivihesabu vile vidole vilivyokufa mara mbili. Vilikuwa vinne. Sikumsahihisha. Yeye aliviona asubuhi, na ugonjwa wa sukari haukuwa umekaa bure tangu asubuhi.

"Amemaliza kusema?" mama akauliza.

"Amemaliza."

"Umwambie hapana."

Mama aliuza mawese soko la Kadutu kule Bukavu, miaka mingi kabla ya vita kututoa. Kwake "hapana" ya kwanza si jibu, ni bei ya kuanzia. Mimi nauza kaunjika, nguo za mtumba, katika soko la kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na kila ninachokijua katika kuvutana bei nilikinyonya kwake. Kwa hiyo sikulia wala sikupiga magoti. Niligeuza ndoo, nikaikalia, nikamwuliza anataka nini.

Akatazama dirishani. Ilikuwa Oktoba. Joto lilikuwa limeufunika mji kama mfuniko wa sufuria, na mvua haikuwa hata na tetesi.

"Siku moja," akasema. "Miaka yote hii mi niko Dzaleka. Hii Lilongwe naijua ku hospitali na ku ofisi tu. Sijatembea. Sijakula kitu yake hata moja. Unitembeze na miguu yangu mbili, nikule bintu nataka, na weye usiseme sukari. Nyuma ya pale njo tutaongea mambo ya mguu."

"Tutaongea, au utaweka dole kwenye karatasi yao?"

Akanitazama kama mtu aliyeona mwanafunzi wake amejibu vizuri. "Nitaweka."

"Vyakula vingapi?"

"Saba."

"Viwili."

"Aka! Mi niko natoa mguu, weye unanipa vyakula viwili?"

Tulikubaliana vinne, kila kimoja nusu. Ndiyo biashara pekee niliyopata kushinda nikatoka nje kutafuta ukuta wa kuegemea.

Muuguzi wa zamu alituona Jumamosi asubuhi tukiuelekea mlango, mama amevaa kitenge chake cha kanisani na ndala ya kulia tu. "Mimi sijawaona," akasema. "Lakini jua likizama kama bado sijawaona, hapo nitakuwa nimewaona."

Nje nilikodi kabaza, baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma. Mwenyewe alikuwa mwanamume wa rika langu, ana ndevu zenye mvi chache. Aliangalia bandeji, akapandisha bei. Nikaishusha. Mama, ameshakaa, akaishusha tena kwa Kiswahili ambacho yule bwana hakukijua, na bado alikielewa.

"Amayi wako ni mtu mbaya," akaniambia.

"Zikomo," nikajibu. Kichewa changu ni cha sokoni, lakini shukrani naijua.

Basi mama akawa anaendeshwa polepole, mguu uliofungwa umenyooshwa pembeni kama mkono wa mtu anayeonyesha njia, nami natembea kando. Lilongwe mitaa yake mingi ilipewa namba badala ya majina, na ukidhani namba zinafuatana utalala njiani. Mama hakusoma sana lakini hesabu anaijua, na jambo lile lilimkera kuliko joto.

"Nyuma ya mbili inakuja ngapi?"

"Inategemea umeelekea wapi."

"Nani alipanga hii? Mulevi?"

Chakula cha kwanza kilikuwa sambusa, Area 2, penye maduka ya Wahindi waliozaliwa hapahapa. Nilimkumbusha: nusu. Akaipasua sambusa kwa uangalifu wa mtu wa kanisa, akala nyama yote, akanipa ganda. Nilipofungua mdomo akasema nusu ni nusu, hatukuandikiana ni nusu ya wapi.

Kutoka pale tulishuka hadi mtoni, karibu na soko kubwa, pale watu wanapovuka kwenye madaraja ya mbao na mwenye mbao anakuchaji hatua zako. Watoto walikuwa wanajirusha majini wakiwa uchi, wanapiga kelele, na wanawake wanafua chini yao bila kujali. Mama aliomba tusimame. Kule Bukavu nyumba yetu ilikuwa kilimani juu ya ziwa, na Jumamosi za joto watu wote wa mtaa walikuwa majini.

"Nitie miguu."

"Huo wa kidonda hapana. Hayo maji ni ya mji mzima."

"Mutu anaenda kukatwa, iko anaogopa uchafu?" Lakini hakung'ang'ania. Alikaa juu ya jiwe, akauweka wa kushoto juu ya paja langu, wa kulia akautumbukiza. Akausugua kwa jiwe dogo, kisigino, katikati ya vidole, polepole. "Huu njo utanibeba," akasema. "Inafaa nianze kuuheshimu."

Nilihesabu vidole vilivyokufa, vilivyochungulia nje ya bandeji juu ya paja langu. Vinne bado. Nikahesabu tena, maana harufu ilikuwa inasema vitano.

Chakula cha pili kilikuwa chipsi za chiwaya, viazi vinavyokaangwa kando ya barabara juu ya bati pana, unapewa na kabichi na chumvi katika mfuko mwepesi wa plastiki. Hapo alikula nusu ya haki, na yule bwana wa kabaza akapewa iliyobaki. Yeye naye akaona vibaya kula peke yake. Akanunua panya wa porini, wale waliokaushwa na kubanwa kwenye vijiti, manyoya yakiwa bado yapo, akamnyooshea mama kijiti kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa.

Mama akatazama zile nyuso ndogo.

"Umwambie aksanti. Mi nilikimbia vita, sikukimbia akili."

Nilimtafsiria kwamba mama ameshiba. Akatikisa kichwa, akamtafuna panya wa kwanza kuanzia kichwani.

Mchana tulikuta wasichana wanacheza netiboli kwenye uwanja wa vumbi huko Kawale, mtaa mzima umezunguka, miamvuli imefunguliwa kwa ajili ya jua. Mama hajawahi kucheza netiboli, wala sheria zake hazijui, lakini kufikia mwisho alikuwa amechagua upande na anamtukana mwamuzi. Hapo akadai chakula cha tatu: barafu tamu ya rangi nyekundu, kutoka kwenye sanduku la mwuzaji mwenye baiskeli. Sukari tupu iliyogandishwa. Nilivuta pumzi. Akainua kidole chake.

"Tulisemaje?"

Nikalipia. Alinyonya mpaka midomo ikawa myekundu kama ya mtoto, na macho yake hayakutoka kwenye miguu ya wale wasichana, inaruka, inatua, inageuka ghafla juu ya vumbi.

"Hawa bako na miguu mingi," akasema.

Cha nne alikuwa amekiweka cha mwisho kwa makusudi: mishikaki ya mama mmoja Mrundi, nyuma ya ua wa mwenye nyumba wake Mmalawi. Wakati ule wakimbizi wa mjini walikuwa wamekwisha kuambiwa warudi Dzaleka, kwa hiyo hakuwa na kibao wala meza barabarani. Ulifuata moshi. Alikuletea vijiti vya nyama ya mbuzi na ndizi za kuchoma, na alikusalimia kwa Kiswahili chenye Kirundi ndani yake, nawe ukajisikia umefika mahali.

Jua lilikuwa limeshaanza kulala. Mama alikula kipande kimoja, akaweka kijiti chini.

"Huu mguu, bakishaukata, banaupeleka wapi?"

Sikuwa nimewaza. Nilijua bei ya bandeji, ya sabuni, ya kitanda cha sisi tunaouguza kule hospitali. Hilo sikuwa nimeliuliza. Nikamgeukia bwana wa kabaza, kwa Kichewa changu kibovu. Akafuta mdomo kwanza.

"Hospitali wana tanuru," akasema. "Lakini sisi, ukiomba, wanakupa. Unaufunga, unakwenda nao kwenu, unauzika makaburini na watu wako. Si kitu cha kutupa. Ni mtu yule."

Nilimtafsiria mama, nikiliruka tanuru. Yule Mrundi, anayejua Kichewa kuliko mimi, akaliongeza.

Mama akautazama ule mguu. Lazima niseme hapa kwamba tangu tufike Dzaleka alikuwa na kitenge kipya kilichokunjwa chini ya godoro, hajakivaa hata Krismasi, kwa sababu ni cha kuzikiwa, na alikwisha kutuapisha wote: Bukavu, kando ya mama yake, hata kama itabidi kungoja vita viishe na yeye yuko ndani ya sanduku.

"Sasa uniambie weye unajua hesabu," akasema. "Siku ya ufufuo, mi naamkia Bukavu, huu mguu unaamkia huku. Nani ataulipia nauli?"

Mrundi akacheka, halafu akaona kwamba si mzaha, akajishughulisha na makaa.

"Mama, Mungu hashindwi na—"

"Mungu nimemuachia ya kwake. Niko nakuuliza weye."

Nikamsogezea ndizi.

"Turudi kesho," akasema, upesi, kwa sauti nyingine. "Kesho tule ile mikate yao ya ndizi. Jumatatu iko mbali. Wangoje hata Alhamisi."

"Mama. Tulikubaliana."

"Bei inaweza kubadilika."

"Haibadiliki. Vidole vilikuwa vitatu, sasa ni vinne. Anayeuza kwa upande wa pili hapunguzi."

Akanitazama kwa chuki kweli. Nimewahi kuiona mara chache, usoni mwa wateja ambao wamegundua kwamba nina haki. Kisha akakichukua kile kijiti, akala kipande cha pili, cha tatu, akapita nusu, akakimaliza. Alifuta vidole kwa ganda la ndizi.

"Basi uuzike Dzaleka," akasema. "Huu unaenda kunishikia nafasi. Na mi nitalala palepale. Sitaki kugawanyika."

"Na Bukavu?"

"Nimekuambia sitaki kugawanyika." Kisha akaongeza: "Miaka yote tunaomba hata kashamba ka matembele, banatunyima. Mguu njo unapata kiwanja."

Jumatatu aliweka dole kwenye karatasi. Aliliminya mara mbili, muuguzi akamwambia moja inatosha, akasema ya pili ni ya mguu, nao umeulizwa.

Walinipa mguu ndani ya mfuko mweusi. Niliufunga na kile kitenge kipya, nilichokifuata Dzaleka Jumapili kwa sababu aliniagiza, nikauweka ndani ya beseni lenye mfuniko, nikapata nafasi kwenye pikapu ya mfanyabiashara aliyekuwa anapeleka kabichi Dowa, njia ya Dzaleka. Mama mmoja aliyekaa kando yangu juu ya magunia aliuliza kama ni nyama. Nikasema ndiyo. Akauliza ya kuuza? Hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani kukataa kutaja bei.

Mchimba makaburi wa Dzaleka alitaka kunitoza kaburi la mtoto mchanga. Nilimwambia sitaki la mtoto, nataka kiwanja kizima, urefu wa mtu mzima, nitakizungushia matofali, ila kwa leo tutachimba upande wa miguuni tu. Akadhani nimechanganyikiwa. Tulivutana kwa muda, kama inavyotakiwa, na mwisho alinisaidia kupanga matofali bila nyongeza.

Mama alirudi nyumbani mvua zilipokwisha kuanza. Alikuja na magongo mawili na jeraha lililokauka vizuri, na aliongea kwa nadra sana. Alikaa mlangoni akitazama watu wanavyokwepa matope. Jioni moja, bila kunigeukia, akauliza:

"Uliuweka upande gani?"

"Upande wa miguuni. Kushoto."

"Kushoto ya nani? Yako weye ulisimama, ao yangu mi nitalala?"

Nilikuwa nimesimama miguuni, nimetazama kichwani. Nikajaribu kuligeuza kaburi akilini, likakataa. Ikabidi nilale chali sakafuni mbele yake, mtu mzima, nipime. Nikanyoosha mguu wa kushoto. Ukaenda upande ule mwingine.

Alicheka. Tangu Jumamosi ile hakuwa amecheka. Alicheka mpaka gongo moja likaanguka.

"Mwuza nguo! Unajua kuhesabu mara mbili, umezika mara moja."

"Nitauhamisha kesho."

"Hamisha." Kicheko kilikuwa kimekwisha, amerudi kutazama matope. "Na ukifika kule, ulale kwanza."

Kulipokucha nilikwenda na jembe. Hakukuwa na mtu. Ndani ya yale matofali udongo ulikuwa umelowa, na nyasi zilikuwa zimeshaanza kuota bila kumwuliza mtu. Nilivua shati, nikalikunja vizuri, nikaliweka penye kichwa. Nikalala. Nikanyoosha mguu wa kushoto mpaka kisigino kikagusa mahali ambapo cha mama kitafika, nikachora alama kwa kisigino hichohicho.

Nikainuka, nikatazama alama. Kisha nikalala tena, kuhakikisha.