Picha Zilizotoka Kwenye Simu ya Kliniki

Mimi ni afisa wa kliniki wa magonjwa ya ngozi, ingawa mjini Busia kila anayevaa koti jeupe huitwa daktari, nami nimeacha kubisha. Kabla ya korona, kazi yangu ilikuwa ya vidole na mwanga. Nilimkalisha mgonjwa karibu na dirisha, nikamgusa, nikabonyeza, nikauliza panawasha wapi. Wengine hawakuwa wameguswa na mtu kwa muda mrefu, na niliona mabega yao yakilegea.

Korona ilipoingia, tuliambiwa kliniki ya ngozi si ya dharura. Chumba chetu kikawa stoo ya barakoa na madumu ya sanitaiza. Mimi nikapelekwa Malaba, mpakani na Uganda, kuchukua sampuli puani mwa madereva wa malori. Hata kule ngozi ilinifuata. Madereva walinionyesha vipele vilivyoota chini ya barakoa, wauguzi wakanionyesha viganja vilivyopasuka kwa kunawa kutwa. Niliwaambia wapake mafuta ya mgando, kisha nikamwita dereva mwingine.

Wagonjwa wetu hatukuwatupa. Nasema hatukuwatupa kwa sababu tulikuwa wawili, mimi na muuguzi niliyefanya naye kazi miaka sita. Ndiye aliyenishika mkono nilipojifungua kitindamimba wangu. Yeye alibaki Busia na simu ya kliniki. Wagonjwa wangepiga picha ngozi zao na kumtumia, naye angenirushia. Ningeziangalia wakati wa chai, nimwambie dawa, kisha azifute. Mpango huo ulikuwa wangu, na niliuonea fahari.

Aliyesita kuliko wote alikuwa mama mmoja anayeuza omena, dagaa wa ziwani, soko la Matayos. Alikuwa na mbalanga, mabaka meupe yaliyoanza kifuani yakashuka tumboni, na alijifunika hata jua likiwa kali. Kwa miaka miwili nilikuwa nimemwona bila leso, na aliniambia hata mumewe hakuwa na ruhusa hiyo.

"Daktari, hizo picha ataona nani?" aliniuliza kwa simu.

"Ni mimi tu, mama."

Sikumtajia muuguzi. Kwangu, yeye na mimi tulikuwa mtu mmoja.

Akatuma. Nyingi zilikuwa na ukungu. Moja ilitoka safi: tumbo, mabaka, na kovu la upasuaji lililovimba na kujipinda karibu na kitovu. Nilimpa dawa, nikasahau.

Miezi kadhaa baadaye, mchana mmoja pale Malaba, nilitoka kutafuta chai karibu na maegesho ya malori. Mlango wa kibanda kimoja cha vipodozi ulikuwa umebandikwa karatasi ya rangi. Upande mmoja "Kabla", upande wa pili "Baada". Tumbo la "Baada" lilikuwa la mtu mwingine kabisa, changa, halina alama. La "Kabla" nililitambua kabla sijasoma neno.

"Boss, hiyo krimu ni ya daktari wa hospitali," muuzaji aliniambia, akidhani nataka kununua. "Namba yake iko hapo chini. Piga tu."

Nilianza kuibonyeza. Sijamaliza tarakimu, simu yangu ikaniletea neno nililomhifadhi nalo muuguzi wangu: Dada.

Niliibandua ile karatasi muuzaji akinifokea, nikaenda nayo Busia. Nilimkuta stoo, amekaa juu ya kitanda chetu cha wagonjwa kati ya maboksi. Nilimwekea karatasi mapajani.

"Uso hauonekani," alisema. Hata kukana hakujaribu.

"Nilikuambia ufute."

"Wewe ulienda Malaba ukaniachia simu. Watu wananililia kutwa, dawa hakuna, niwaambie nini? Nikawatafutia kitu."

"Hiyo krimu ina nini ndani?"

Aliikunja karatasi mara mbili.

"Na uliwaambia nani ameipendekeza?"

Akayaangalia madumu. "Wewe ndiye wanayemwamini," alisema polepole. "Ningewaambia nani mwingine?"

Nilimshtaki kwa mkubwa wetu. Alisikiliza hadi mwisho, akasema wauguzi ni wachache na huu si wakati wa kelele. Muuguzi akahamishiwa zahanati nyingine, karatasi zikabanduliwa, basi. Mkubwa aliniomba nisimwambie mgonjwa. Siku yangu ya mapumziko nilikwenda Matayos kumwambia.

Mama alikuwa akipanga omena, mikono mirefu ya blauzi imefungwa vifungo. Hakuningoja niseme.

"Nimeshaiona. Mdogo wangu huuza nguo Malaba. Yeye ndiye aliniosha nilipopasuliwa. Kovu analijua."

"Mama, nisamehe. Kulikuwa na mwenzangu aliyekuwa akishika simu..."

"Sikuuliza mwenzako. Nilikuuliza wewe. Ukasema ni wewe tu."

Mteja alikuja. Alimpimia omena, akamwongeza kidogo, akamshukuru. Halafu akanigeukia bila hasira yoyote.

"Enda tu, daktari. Watu wakikuona hapa wataanza kuuliza."

Nilitamani anitukane. Nilitembea hadi barabarani nikijua kwamba nililofanyiwa na rafiki yangu, mama alifanyiwa na mimi, na kwamba langu lilikuwa dogo.

Kliniki ilifunguliwa tena. Wagonjwa wengine walirudi, yeye hakurudi. Mdogo wake aliniambia huvuka kwenda kutibiwa upande wa Uganda, ambako hakuna anayemjua, na rangi imeanza kurejea. Nilifurahi, kisha nikaenda kukaa peke yangu kidogo.

Muuguzi tulikutana mwaka jana kwenye mazishi ya mfanyakazi mwenzetu. Alinikumbatia mbele ya watu kabla sijarudi nyuma, akaniita dada, akauliza mtoto amefika darasa la ngapi. Nilimjibu. Nilimtajia darasa, hata na jina la mwalimu, mikono yangu ikining'inia tu, hadi aliponiachia mwenyewe.