Nilihamisha Ukurasa wa Saluni Yetu, Nikaitikia Jina la Mwenzangu

Nimeiba. Naanza na neno hilo ili msije mkasema nimewazungusha. Sikuiba pesa wala mume wa mtu. Niliiba sifa za mwanamke mwenzangu, nikazisafirisha kutoka Iringa mpaka Mbeya!

Wanaonijua watanitambua hata nisipoandika jina. Wanitambue tu. Nimeshasemwa huku Mbeya, sokoni Uyole, mpaka na wauza viazi, msemaji mmoja zaidi hanipunguzii kitu. Kosa nimelikubali, ila kumpigia magoti kila mpita njia, hapana.

Tulikuwa wawili. Dada Tumaini, Mhehe wa pale pale Iringa, na mimi Mnyakyusa niliyekwenda Iringa kufuata chuo nikaishia kuosha vichwa vya watu. Tulipanga fremu Mlandege, nyuma ya duka la mbolea, mahali ambapo hata aliyeelekezwa anapotea. Yeye ndiye alikuwa msusi. Mimi niliosha nywele, nilipaka kucha rangi, nilipamba nyuso, na yeye akichoka nilimalizia mistari ya nyuma.

Mikono ya Tumaini, jamani! Anakusuka mpaka unasinzia. Hakuvuti, wala hukai wiki nzima na vipele kwenye paji la uso. Lakini mikono mizuri iliyojificha nyuma ya duka la mbolea nani ataijua? Kuna siku tulikaa tunatafuna mahindi ya kuchoma na kutazamana tu mpaka jioni.

Ndipo nikajiongeza. Siku hizi mgeni haulizi jirani. Anaandika kwenye simu "saluni Iringa", ramani inamwonyesha, anakwenda. Nikaifungulia saluni yetu ukurasa kwenye ramani, kwa jina letu la Tunu. Alama niliiweka juu ya mlango wetu kabisa, si kule barabarani. Picha nilipiga mchana, jua likiwa limeingia ndani. Saa za kufungua niliandika, na sikukuu zikija nilizibadili, mtu asije akakuta kufuli akaondoka anatusonya. Na kila kazi niliitaja kwa maneno ambayo wateja wenyewe wanayatumia, si yale yaliyoandikwa kwenye chupa za shampuu.

Na maoni! Mteja akishakaa chini ya draya, simu iko mkononi, hana pa kwenda. Nasimama pembeni yake: "Dada yangu, tuandikie neno. Sema ukweli tu, umesukwa nini na nani kakusuka."

Hapo kwenye "nani kakusuka" ndipo nilipojichimbia shimo. Wote waliandika Tumaini. Tumaini ana mikono myepesi. Tumaini havuti nywele. Nendeni kwa Tumaini. Mimi niliyewaomba waandike, niliyewajibu mmoja mmoja kwa kuwashukuru, sikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Tukapanda mpaka tukawa wa kwanza. Wanachuo walikuja. Wake wa watu wa Idodi wakija mjini walianzia kwetu kabla hata ya kwenda sokoni. Tumaini alikuwa hashiki simu zaidi ya kupokea na kupiga, akawa anashangaa tu watu wanatoka wapi.

Siku moja mama mmoja tunayesali naye usharikani akauliza, "Tumaini, huyu binti ni msaidizi wako?"

Tumaini akacheka bila kuacha kusuka. "Huyu? Huyu ni wa simu tu."

Saluni nzima ikacheka. Hata mimi nilicheka. Shoga yangu, nilicheka huku naumia!

Sijui kama alikusudia. Sikumuuliza, na hilo nalo ni kosa langu. Nilikiweka kinyongo, nikakilea.

Mama yangu alipoanza kusumbuliwa na miguu, niliamua kurudi nyumbani Mbeya. Tumaini hakuninyima kitu. Tuligawana viti, vioo, mpaka taulo. Draya mpya alinipa mimi. "Wewe ndiye unaanza upya, chukua," akasema, kisha akanisindikiza stendi huku analia. Ukurasa wa ramani hakuna aliyeutaja. Yeye hakuujua kuwa ni mali. Mimi nilijua, nikanyamaza.

Basi liliposimama Makambako, watu wakashuka kula. Mimi nilibaki kitini, nikafungua simu, nikafuta Mlandege, nikaandika Uyole. Rahisi hivyo! Ramani ikataka uthibitisho, basi nilipofika nikapiga video ya fremu yangu mpya pamoja na bango lenye jina lile lile la Tunu, nikatuma. Ikakubali. Sifa zote zikawa zangu.

Moyoni nilijitetea: mikono ni yake, lakini njia ya kuifikia nimeitengeneza mimi. Na leo nalirudia mbele yenu, sitalimeza kwa sababu nimefumaniwa. Ile ilikuwa kazi yangu, kazi halisi, na hakuna aliyewahi kunishukuru kwa kazi ile. Kosa langu ni kuwaacha watu waipite njia ile wakiamini kwamba mwisho wake watamkuta Tumaini.

Maana walimtaka Tumaini! Mteja wa kwanza kuingia Uyole aliuliza, "Tumaini nimemkuta?" Nikasema amesafiri. Wa pili, amesafiri. Kisha akaja dada mmoja anayefanya kazi kituo cha utafiti wa kilimo, akaja tena, na mara hii akasema, "Na leo kasafiri? Basi acha nitafute kwingine." Akageuka. Mdomo wangu ukanitangulia.

"Ndiye mimi, dada. Nilikuwa nakutania. Karibu ukae."

Akakaa. Akacheka, akasema nina utani mbaya. Nikamsuka, akatoka ameridhika, na tangu siku ile Uyole nzima ikaniita Tumaini.

Mama alikuja saluni siku moja na fimbo yake, akakaa mlangoni kuota jua. Akapita mteja: "Tumaini, kesho nakuja!" Nikaitikia. Mama akanigeukia.

"Mwe! Tumaini nani?"

"Ni jina la biashara tu, mama."

"Mimi nilikubatiza kwa jina la bibi yako. Limekukosea nini?"

Nikajifanya natafuta kitana.

Na kumbe huko Iringa mwenzangu anakauka. Mtu akitafuta saluni kule hamwoni tena. Alinipigia siku moja, mimi nina watu wamekaa kwenye benchi wananisubiri.

"Mdogo wangu, huko kwenu wateja wapo? Huku wageni wamekata kabisa. Wanakuja wale wale wa zamani, mmoja mmoja. Sijui nimekosea wapi."

Ningeweza kusema pale pale. Simu ilikuwa mkononi mwangu na ukurasa ulikuwa ndani ya simu ile ile!

"Ni msimu tu, dada," nikamwambia. "Watu wanalima. Vumilia, watarudi."

"Haya. Mambo hayo unayajua wewe. Ukisema msimu, ni msimu."

Niulizeni dhambi yangu ni ipi, sitawaambia ni ule ukurasa. Ni lile neno moja, msimu.

Mungu naye hachelewi. Ikaingia meseji kwenye simu ya saluni: "Dada Tumaini! Kumbe umehamia Mbeya? Mwenzio naolewa Uyole, nilikuwa nawaza nani atanishika kichwa. Nimeona kwenye ramani, nimefurahi!" Mwandishi alikuwa Neema, msichana aliyesoma Iringa, tuliyemsuka miaka yote ya chuo. Mtu mwenye akili angejibu kwamba amekosea. Mimi nikajibu, "Karibu mpenzi, nakusubiri." Nilijiambia mtu akiwa na harusi hana muda wa kutazama sura ya msusi.

Asubuhi ya harusi akaja na shangazi yake na mabegi. Alichungulia mpaka nyuma ya pazia.

"Dada Tumaini yuko wapi?"

Mteja aliyekuwa chini ya draya akamjibu, "Si huyo hapo mbele yako?"

Neema akanitazama vizuri. Nikatabasamu. "Huyu siyo Tumaini," akasema. "Huyu ndiye alikuwa anatuosha vichwa."

Akapiga namba ya Tumaini aliyokuwa nayo tangu chuo, akaweka sauti kubwa, watu wote mle ndani wakasikia.

"Kamwene, mwanangu!" Ilikuwa sauti ya Tumaini, imechangamka kwa salamu yake ya Kihehe. "Leo umenikumbuka?"

"Dada, leo naolewa, niko saluni kwako hapa Uyole, mbona hupo?"

"Uyole ipi tena? Mimi niko Mlandege, nimekaa mwenyewe mlangoni. Sijahama mimi."

"Ramani inasema umehama. Na maoni yote yapo hapa, hata yale niliyokuandikia mimi."

Tumaini akauliza kwa upole, "Na yeye yupo hapo?"

"Yupo."

"Kumbe haikuwa msimu."

Basi. Nilitamani anitukane, ningejua pa kuanzia kujibu. Hakunitukana. Alimwambia Neema, "Kaa usukwe, mwanangu, muda unakwenda. Bwana harusi hajamkosea mtu." Akakata.

Yule wa chini ya draya akajitoa mwenyewe, nywele zinachuruzika maji, akaniwekea hela mezani bila kunitazama. Shangazi yake Neema alikuwa mtu wa vitendo. "Haya wewe, jina lako utatuambia baadaye. Kichwa hiki kinatakiwa kanisani."

Nikamsuka. Mistari midogo pembeni, nywele zote zimebanwa juu. Na hili nalisema bila kuona haya: alipendeza! Shangazi alimzunguka akitafuta kasoro, akakosa, akasonya kwa kukosa.

Walipoondoka nilifunga mlango nikalia. Kumbe mikono nilikuwa nayo! Uyole nzima nilikuwa naisuka kwa mikono yangu mwenyewe, na kila sifa nikiipeleka kwa jina lisilo langu. Nilikuwa nimemwibia Tumaini, na mimi mwenyewe nikajiibia.

Nikaurudisha ukurasa Mlandege siku ile ile. Wenye ramani wakaona ukurasa unaruka mara Iringa, mara Mbeya, mara Iringa, wakaufungia. Sifa zote zikazimika, zake na jasho langu. Nimekata rufaa mpaka nimechoka, jibu ni lile lile la mashine.

Nikafunga safari kwenda Iringa na mchele wa Kyela begani. Fremu yetu ya Mlandege nilikuta inauza mipira ya maji. Tumaini anasukia saluni ya mtu mwingine mjini, amepewa kiti kimoja pembeni, na jina la mlangoni si lake. Mchele aliupokea. Mkono hakunipa.

"Ungeniomba ningekupa," alisema. "Mimi ukurasa nilikuwa nao wa nini? Lakini uliniambia msimu. Nimekaa mlangoni namwomba Mungu alete watu, kumbe watu umewachukua wewe."

Nilimwomba msamaha. Nikamwambia pia kuhusu siku ile ya "huyu ni wa simu tu", maana nilikuwa nimechoka kuibeba. Alikunja uso akifikiri, kisha akasema haikumbuki. Wala haikumbuki! Akarudi kwenye kichwa alichokuwa anasuka.

Watu walinishauri nihame mji, wengine nifunge kabisa, niuze mitumba. Sifungi! Mama yangu anakula kutokana na mikono hii. Niliteremsha bango la Tunu, nikapandisha jina nililobatizwa, kubwa, jekundu, linasomeka mpaka kwenye malori yanayopita. Nikafungua ukurasa mpya, hauna nyota hata moja. Wanaosema wameendelea kusema, na baadhi yao nawasuka wakiwa wanasema.

Maoni ya kwanza kwenye ukurasa mpya hayakutoka kwa mteja. Yaliandikwa na Tumaini. Tumaini aliyekuwa hajui hata kutuma picha, amejifunza simu kwa ajili yangu! Amenipa nyota moja, na chini yake ameandika: "Anajua kusuka. Usimwachie simu yako."

Wateja wananihimiza niyaripoti yaondolewe, na njia naijua kuliko wao. Siyaondoi. Nimemjibu kama nilivyokuwa nawajibu wote, "Asante dada kwa maoni yako, karibu tena." Karibu tena hajaijibu. Akija kiti kipo, asipokuja maoni yake yatabaki pale pale juu, anayetaka kusukwa ayasome kwanza kisha aamue.

Nyie mnaofanya biashara wawili wawili, sikilizeni. Siku ya kugawana msiishie kwenye viti na vioo. Ulizaneni ukurasa ni wa nani, simu inayopigiwa na wateja ni ya nani, na majina yaliyosifiwa mle ni ya nani. Na wewe unayetangaza mikono ya mwenzio huku unaumia kimyakimya, sikuambii unyenyekee, mimi mwenyewe nimeshindwa. Nakuambia taja jina lako mapema, kwa mdomo wako, mbele yake, hata kama watacheka. Mimi nilisubiri mpaka bi harusi akanitajia yeye, na akanitaja kwa kazi ya kuosha vichwa.