Sketi ya Mama Kwenye Ukuta wa Severine

Mtu yeyote wa Balangdalalu wa rika lake atakuambia kwamba Kornelia hakuwa mwanamke wa kugombana. Alishona shanga, alikamua ng'ombe, Jumapili alikwenda kanisani, na mtu akimkosea alinyamaza. Ndiyo maana Severine hakumwogopa.

Severine alikuwa bwana stoo wa shamba la ngano la serikali, mtu wa milimani Mbulu, mwenye soksi nyeupe hata wakati wa matope. Matrekta yalipofika kwenye boma la mama yake Kornelia, mama alikuwa amelazwa Haydom, na Kornelia alikuwa huko akimwuguza. Vijana wa shamba wakatoa vyombo nje, boma likalimwa. Vibuyu vya maziwa, kigoda, bangili za shaba, vyote Severine alivibeba hadi chumba kimoja kando ya nyumba ya wageni, akaandika mlangoni kwa rangi: MAKUMBUSHO NA DUKA. Wataalamu wa Kizungu waliokuja na mashine hawakupenda kurudi kwao mikono mitupu.

Juu kabisa ukutani alitundika sketi ya ngozi ya mama.

Kwa Wabarabaig ile si nguo kama nguo nyingine. Mwanamke huivaa akiolewa, huilainisha kwa samli mpaka uzeeni, na mwanamume hana ruhusa ya kuigusa, hata awe mumewe. Mama alipoona hali imekuwa mbaya aliomba avikwe. Kornelia akarudi Balangdalalu mbio kuifuata, akaelekezwa kwa Severine.

"Shikamoo, bwana stoo."

Severine alikuwa akipangusa kibuyu. "Unataka nini?"

"Ile sketi ni ya mama yangu. Anaumwa, anaiomba."

"Vitu viliachwa porini, mama. Sasa ni vya makumbusho. Ukiipenda, subiri na wageni, ununue kama wao." Akacheka. "Kwani hospitali hawana mashuka?"

Mama alizikwa na shuka la hospitali.

Baada ya matanga Kornelia alikwenda kwa Udahayda, mkubwa wa baraza la wanawake pale tambarare. Baraza lile, mwanamume akiwavunjia wanawake heshima, humtoza dume jeusi la ng'ombe. Akikataa, humlaani, na hakuna mzee wa kiume awezaye kuliondoa neno lao.

"Aliigusa?" Udahayda aliuliza.

"Atasema vijana ndio walioibeba."

"Basi hatuna kitu. Lazima tumwone sisi wenyewe, kwa macho yetu."

Kornelia akasogea karibu. "Na mkimwona ameivaa?"

Bibi yule akamkazia macho. "Iliyoguswa tunaitakasa kwa maziwa, unaivaa wewe. Mwanamume akishaivaa, mwanangu, imekufa. Umefikiri?"

"Nimefikiri."

Tangu hapo akawa anapeleka shanga zake dukani kwa Severine. Alimsalimu vizuri, alimfagilia hata sakafu. Wanawake wenzake walimtemea mate pembeni ya njia: "Mtazameni mtumwa wa bwana stoo! Kesho atamfulia na soksi." Alifagia taratibu, na kila akifika chini ya ule ukuta aliinua macho. Ngozi ilikuwa inakauka kwa kukosa samli, shanga za pindoni zikidondoka moja moja. Aliziokota, akazifunga kwenye pindo la kanga. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini chake yeye kilikuwa kinamla kwanza mwenyewe.

Alimsoma Severine kama mchungaji anavyomsoma fisi. Wageni wakija, Severine alijitanda mgolole wa vijana, akashika mkuki, akarukaruka huku tumbo likimtangulia. Wazungu walicheka na kununua. Kitu alichokipenda mtu yule kuliko mshahara ni kuchekewa.

Mwisho wa mavuno ukaletwa ugeni mkubwa. Severine aliingia dukani akihema.

"Kornelia! Waite wanawake wako waje na vibuyu, wakae hapa nje wapendezeshe mahali. Nawe unishauri. Hii ngoma ya mkuki wameshaizoea."

Kornelia aliendelea kufagia. "Mkuki kila mtu anao. Kitu ambacho hawajakiona kikivaliwa kiko kule juu."

Severine akatazama ukutani. Uso ukamng'aa.

"Wewe mwanamke una akili!"

Asubuhi ya ugeni wanawake walikaa nje, Udahayda katikati, kila mmoja na kibuyu chake. Wageni wakashuka kwenye magari. Mlango ukafunguliwa, Severine akatoka na sketi ya mama kiunoni, juu ya suruali yake, akitikisa makalio. Wageni wakapiga makofi.

Wanawake wakasimama kwa pamoja. Hawakupiga kelele. Udahayda akamwaga maziwa chini, mbele ya soksi nyeupe, na wengine wakamwaga ya kwao.

"Mmeona?" aliuliza.

"Tumeona."

"Dume jeusi. Mpaka alilete, mwanamke yeyote asimpe maji, asimpe moto, asimwitikie salamu."

Severine alicheka peke yake. Jioni mkewe alipopata habari aliuzima moto, akabeba mtoto akarudi kwao Mbulu. Hakutaka laana imkute jikoni. Mama ntilie wa shamba wakafunika masufuria alipopita. Aliomba maji kwa madereva kama mkiwa.

Siku aliyokuja nyumbani kwa Kornelia alikuwa anavuta dume jeusi kwa kamba, viatu vimejaa vumbi, bila soksi. Alikuwa amemzidi Kornelia umri, lakini aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Kornelia alikuwa akishona. Akavuta uzi mpaka mwisho.

"Dume mpelekee Udahayda. Sketi iko wapi?"

Akamkabidhi ikiwa kwenye gunia. "Nisamehe basi. Sikujua."

"Uliambiwa kwamba mama anaiomba. Hilo ulilijua."

"Shikamoo," alirudia kwa sauti ya chini.

Hakuitikiwa. Kornelia alilibeba gunia mpaka ukingoni mwa ngano, mahali alipokumbuka palikuwa na mafiga ya mama. Akachimba, akaizika sketi pamoja na shanga alizookota, akiwa anajua kwamba matrekta yatapita juu yake msimu ujao. Aliporudi, Severine alikuwa bado amesimama pale uani na dume lake, akingojea marahaba. Akapita kando yake, akaketi, akaendelea kushona.