Mtoto wa Tano wa Osewe

Mguu wa Mwalimu Amondi ulianza kuvimba wiki ile ile aliyomzika mumewe, Osewe. Hospitalini walipima damu, wakapiga picha, wasione kitu. Majirani wa Sarang'ombe walinong'ona kuwa ni chira, laana inayomla Mjaluo aliyevunja mwiko. Amondi, aliyefundisha shule ya upili miaka thelathini, hakuamini chira. Alimwamini Mungu, na hilo ndilo lililomtisha.

Maana kosa lake alilijua. Katika kijitabu cha mazishi marehemu aliandikiwa watoto wanne. Wa tano, Adhis, aliyezaliwa na mwanamke mwingine huko Kawangware, Amondi alimfuta kwa kalamu yake mwenyewe kabla hakijachapishwa. Siku ya mazishi Adhis alisimama nyuma ya hema pamoja na wageni, hakuitwa kutupa udongo kaburini.

Tangu hapo Amondi alisoma Zaburi ya sita kila asubuhi, akimsihi Mungu asimwadhibu kwa hasira. Hakuomba asichapwe. Aliomba achapwe kwa kiasi.

Jumamosi mchana kina mama wa maombi walikuja kumwombea, wakiongozwa na Rachael wa Kawangware. Adhis alikuwa kati yao, kitambaa kichwani. Akakaa karibu na mlango.

"Mwalimu, huu mguu sasa ni wa ndovu," Rachael akasema, na wenzake wakacheka kidogo. "Leo hiyo Zaburi yako utasoma mwenyewe. Ukimaliza, utuambie Mungu anakuchapa kwa nini. Huwezi kuombewa kitu umeficha."

Amondi akasoma. Alipofika pale mwombaji anapolowesha kitanda kwa machozi, sauti ilimkatika. Adhis akaupokea mstari uliofuata bila kitabu, polepole, kama binti anayemwombea mama yake.

"Huyu msichana ni wa nani?" Mama Kavetsa, mmoja wa wale kina mama, akauliza. "Zaburi anaijua kwa moyo."

Wote wakamgeukia Amondi. Mdomo wake ulikwisha kufunguka. Kutoka kwenye picha ukutani, Osewe alimtazama ndani ya suti yake ya mzee wa kanisa.

"Ni jirani ya Rachael, nadhani," akasema. "Mimi dhambi yangu ni kiburi, dada zangu."

"Kiburi tu?" Rachael akauliza, akimkazia macho mpaka Amondi akajua kwamba mwenzake anajua Adhis ni wa nani.

"Kiburi tu."

Adhis akaomba ruhusa, akatoka. Waliobaki wakapiga magoti. Rachael, ambaye huwawekea wagonjwa mikono kichwani, aliiacha yake mapajani.

"Kila mtu ajiombee," akasema.

Amondi akafumba macho, akatafuta neno la kuanzia. Hakulipata.