Corrine Alitaka Aambiwe Ukweli

Corrine Tollefson anafanya kazi kwa daktari wa meno hapa Duluth, mji wa baridi kaskazini mwa Marekani. Kazi yake ni kuchukua umbo la meno ya watu kwa plasta. Ukilala kwenye kile kiti, atakufunika blanketi miguuni bila kuuliza, na sindano ikiingia atakushika bega. Watoto wanampenda. Siku ya Jumamosi anatengeneza filamu fupi za kutisha.

Mimi ni jirani yake, kwa hiyo mimi ndiye maiti wake. Nikilazwa sakafuni na damu ya sharubati shingoni, macho nimefumba lakini masikio yako wazi: nani amepanda ngazi mbovu, waya gani umepita karibu na maji. Namwambia. Yeye hunijibu, "Lorna, maiti haongei," kisha anakwenda kuusogeza ule waya.

Mara moja kwa mwezi, Jumapili baada ya ibada, watengenezaji wa filamu za namna hiyo hukutana katika ukumbi ulio chini ya kanisa. Mchungaji alikubali mradi tusimwage chochote kwenye zulia. Orrin Bakke, fundi bomba, ndiye mwenye mashine ya kuonyeshea. Filamu ikiisha taa zinawashwa, na aliyeitengeneza anakaa mbele yetu, kimya, tumpe maoni.

Hapo ndipo penye shida. Watu wa kwetu hawamwambii mtu neno baya usoni. Filamu ikiwa nzuri sana, watasema si mbaya. Ikiwa mbaya, watasifu mapazia. Corrine naye ni hivyohivyo. Orrin alipoonyesha filamu yake ya mzimu wa kwenye karo la jikoni, Corrine alimwambia maji yalionekana ya kweli kabisa. "Yalikuwa ya kweli," Orrin akasema. "Jiko langu lilifurika."

Miaka mingi Corrine amesifiwa mapazia, na kila mwaka tamasha la filamu la mjini limemkataa kwa barua ya adabu. Safari hii alisema akikataliwa tena atauza kamera. Alisema huku anakunja nguo, kama mtu anayetaja hali ya hewa, lakini nilimwona akikunja taulo moja mara mbili.

Filamu yenyewe ilikuwa hivi. Mama anaita kutoka chini ya ngazi, "Chakula tayari." Binti anaitika, "Nakuja," lakini hashuki. Mama anapanda kumwangalia, kabati linafunguka, linatoka jitu lenye meno mpaka shingoni. Meno yale aliyamimina kwa plasta, moja moja, majira yote ya baridi.

Jumapili ile taa zilipowaka, watu walitazama vikombe vyao. Orrin akakohoa.

"Ile meza ya chakula," akasema. "Meza imara sana. Mwaloni?"

"Ni ya Lorna," Corrine akajibu, ingawa hakutakiwa kusema.

"Meza nzuri, Lorna."

"Asante, Orrin."

Mama mmoja wa nyuma akasema sahani zile zimemkumbusha marehemu mama yake. Corrine alitabasamu na kuinamisha kichwa, kama mtu anayepokea rambirambi.

Nje tulisimama tukikwangua barafu kwenye kioo cha gari lake. Akaniuliza bila kunitazama, "Uliogopa?"

"Imetengenezwa vizuri."

"Usinipe meza na wewe."

Nikaendelea kukwangua.

"Lorna, wewe unaogopa lifti. Unaogopa zabibu, eti mtoto wa mtu atapaliwa. Juzi umenipigia simu kuniuliza kama nimezima pasi, na mimi sina pasi. Filamu yangu hukuiogopa?"

"Hapana," nikasema.

Akaacha kukwangua. Neno lilikuwa limeshatoka, na nusu ya ukweli ingemuumiza zaidi.

"Niliogopa mwanzo," nikasema. "Mtoto alipoitika, 'Nakuja.' Mama akaita tena, na mtoto akaitika tena, sauti ileile, sawasawa kabisa. Pale nilishika kikombe kwa mikono miwili."

"Halafu?"

"Halafu likatoka jitu lako, nikashusha pumzi."

"Ukashusha pumzi."

"Nikasema, kumbe ni hilo tu. Kitu nikishakiona, najua kilipo. Nisichokiona ndicho kinachoninyima usingizi."

"Meno yale ni ya watu wa kweli, Lorna."

"Najua, mwenzangu. Mawili ni yangu."

Hakucheka. Alinirudisha nyumbani. Siku zilizofuata nilikaa dirishani nikitazama taa ya jikoni kwake. Nilioka tambi kwa samaki nimpelekee, nikashindwa kuvuka uwanja, nikazila mwenyewe. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Hawakusema ni vigumu namna gani kukitupa.

Alhamisi akaja mchana, kompyuta ameificha ndani ya koti. "Kaa," akasema. "Usiseme kitu mpaka iishe."

Jitu halikuwemo. Mama anaita, mtoto anaitika, mama anaita, mtoto anaitika. Mama anaacha kuita. Anaketi, anaanza kula, macho kwenye sahani. "Nakuja," inasikika karibu zaidi. Hatua zinashuka ngazi, nzito, si za mtoto. Mama haangalii. Anatafuna tu, anatafuna, mpaka kiti cha pili kinavutwa, na filamu inaisha.

Niliinuka nikaenda kuwasha taa ya ngazini. Jua lilikuwa linawaka.

"Basi," Corrine akasema. "Usiongeze neno."

Tamasha liliichukua. Mchana wa kuonyeshwa tulikaa nyuma kabisa, na Corrine hakutazama filamu hata kidogo. Alitazama shingo za watu. Mtoto alipoitika mara ya tatu, mwanamke wa mbele yetu aliinuka, akatoka.

"Nimemuudhi," Corrine akaninong'oneza, na kabla sijamshika alikuwa ameshatoka nyuma yake. Nikafuata.

Yule mwanamke alikuwa koridoni, simu sikioni. "Hakuna kitu," alikuwa anasema. "Uko chumba gani? Basi njoo ukae sebuleni mpaka nirudi. Kaa tu, nimesema." Akakata simu, akatuona, akaona haya. "Binti yangu. Yuko peke yake nyumbani."

"Hajambo?" Corrine akauliza.

"Hajambo. Anakula biskuti." Akaitazama beji iliyoning'inia shingoni mwa Corrine. "Ni wewe uliyeitengeneza ile?"

"Ni mimi."

Mwanamke akamtazama sana, sweta lake la sufu, miwani yake iliyofungwa kamba. "Halafu unaonekana mtu mwema hivi," akasema.

"Asante," Corrine akajibu, na ilibidi akae kwenye benchi.