Vipande Tisa vya Bomba

Tssss. Zedekiah aliisikia sauti hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1981, akiwa amechuchumaa nyuma ya jengo la ghorofa tatu huko Ngara, sikio karibu na bomba la maji taka. Alidhani jirani anakaanga kitu. Kumbe ni asidi, imemwagwa kwenye sinki la maabara iliyo ghorofa ya kwanza, inashuka ikila chuma.

Alitoka Vihiga na sanduku la mbao, akapata kazi ya kuzibua na kubadilisha mabomba katika majengo ya Bwana Pranlal, kuanzia Ngara hadi Westlands. Maabara ile ilipima mawe na udongo wa makampuni. Mwenyewe, Daktari Ndeti, alivaa koti jeupe lisilo na doa. Lingepata doa wapi? Uchafu wake ulikuwa umeshashuka kwa mtu mwingine.

Mwaka wa pili asidi ilimmwagikia Zedekiah mkononi. Alipoomba glavu, Ndeti alimwambia, "Kamuulize aliyekuajiri." Pranlal naye akasema, "Asidi si yangu." Zedekiah akarudi nyumbani, akajipaka mafuta ya kupikia.

Kila mwaka bomba la chini lilitoboka. Kila mwaka Pranlal alinunua jingine, akawapandishia wapangaji kodi. Zedekiah alinyamaza. Lakini kila kipande alichokata alikiosha, akakiandika mwaka kwa rangi nyeupe, akakisukuma chini ya kitanda. Mkewe, Selpher, alimcheka: "Wenzako wanaweka akiba benki, wewe unaweka vyuma vya choo!"

Mwaka 1989 ikaja barua ya wakuu wa jiji: lijengwe tangi la chokaa la kuua asidi kabla maji hayajafika mferejini, la sivyo jengo lifungwe. Pranlal akawaita wapangaji uani.

"Bomba ni moja, sote tunalitumia," alisema Ndeti. "Tugawane gharama."

"Ati tugawane!" Mama Nasim wa ghorofa ya juu alishika kiuno. "Kwangu kunashuka maji ya mchele na povu la sabuni. Ama biriani yangu ndiyo inakula chuma, daktari?"

Watu wakaangua kicheko. Ndeti hakucheka. "Mama, wewe umesoma kemia?"

Hapo Zedekiah akaja akiburuta gunia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mfukoni, kama kawaida yake mbele za watu.

"Zedekiah, usiingilie," Pranlal alifoka. "Kazi unaitaka ama huitaki?"

Zedekiah alimwaga gunia chini. Vipande vinane vya chini ya maabara, vyembamba kama maganda ya mayai, vimejaa matundu. Kisha akaweka cha tisa kando ya vile vinane, alichokikata asubuhi ile juu ya maabara, mahali panapopita maji ya Mama Nasim. Kilikuwa kizito na kizima, kama siku jengo lilipojengwa.

Watu wakainama kuvitazama. Hakuna aliyehitaji kemia.

"Sawa," Ndeti alisema, akirekebisha kola. "Lakini tusitafute mchawi. Kila mtu atoe kidogo. Hata huyu fundi. Si mabomba haya ndiyo yanamlisha?"

Zedekiah aliutoa mkono wa kulia mfukoni, akauinua karibu na lile koti jeupe. Vidole viwili havikuwa na kucha. Ngozi ilikuwa imejikunja hadi kiganja hakifunguki.

Alisema polepole, kwa sauti ya chini mno, hata Mama Nasim akalazimika kuinama asikie.

"Yangu nilishalipa, daktari."