Ghala la Dawa Nyuma ya Nyumba ya Shangazi

Mimi nimejijenga mwenyewe, wala sioni haya kulisema. Niliondoka Pemba na begi moja, nikauza mitumba bara, nikajisomesha mpaka nikapata diploma ya afya ya mazingira. Niliporudi kijijini kwetu Mgogoni nilijenga nyumba ambayo wapita njia husimama kuitazama. Nyuma ya nyumba ya shangazi yangu kuna ghala la zamani la dawa za mashamba. Wengine walilipita miaka yote. Mimi nilinusa siku moja tu, nikajua.

Mapipa yalikuwa yametoboka kwa kutu. Dawa imeingia ardhini, na mteremko wote unaelekea kisimani kwa shangazi. Nilipeleka maji maabara kwa fedha zangu. Majibu yakasema maji hayo yasinywewe. Nikaziba kisima kwa matawi ya miiba, nikamwambia shangazi achote kwenye bomba la skuli, mwendo mrefu kwa mtu wa umri wake.

"Mpaka lini, baba?"

"Mpaka serikali itoe fedha za kusafisha. Ombi naliandika mwenyewe."

"Haya. Wewe ndiye msomi."

Sheha, kiongozi wa serikali hapa kijijini, alinishauri barua iwe fupi: hapa pana sumu, watu wanaikalia, tusaidieni. Nikacheka. Barua ya namna hiyo huandikwa na asiyesoma. Niliandika kurasa sita, na ukurasa mzima ukawa wa hatua nilizochukua: eneo nimelizungushia uzio, kisima nimekifunga, wananchi nimewaelimisha. Uzio wenyewe ulikuwa vigingi na kamba mbili. Nikaambatanisha nakala ya diploma. Sheha akagonga muhuri.

Jibu lilipofika nilimsomea shangazi kwa sauti. Walinipongeza kwanza. Kisha wakaeleza kuwa fungu la mwaka huu ni dogo, litaanzia maeneo ambayo hatari yake bado haijadhibitiwa.

"Yaani wametunyima kwa kuwa umeshasafisha?"

"Sijasafisha, shangazi."

"Kwani uliwaandikia nini?"

Sheha alipolisoma jibu hilo alirudisha karatasi kwenye bahasha taratibu. "Mtaalamu," akasema, "sasa waandikie kwamba kamba si ukuta."

Nina ripoti za kurasa arubaini nilizoandika bila kufuta neno. Barua hii ya pili, ya mistari minane, ilinichukua wiki tatu. Kila nilipofika penye "sikudhibiti kitu" kalamu ilisimama. Mwishowe niliandika, nikaipeleka mwenyewe ofisi ya serikali, Chake. Karani akaisoma, akanitazama. Mafungu yameshagawiwa, akasema. Niilete tena mwakani.

Shangazi hakungoja mwakani. Mgongo ulimshinda, akaiondoa miiba, akarudi kuchota pale pale, hatua kumi kutoka jikoni kwake. Nikimkemea huendelea kuteka. Jioni nikipita kumsalimu hunimiminia chai, nami nasema nimeshakunywa nyumbani. Yeye hukitazama kile kikombe, halafu huinywa chai mwenyewe.